Ukanda Uliochomwa

Siku ya nne tangu nitoke Kisumu.
Pajani, pale waya ulipoingilia,
pana waa la zambarau, linaanza kugeuka kijani.
Risper hulikwepa kwa macho,
ila kila asubuhi huuliza limefika wapi,
kama anayeuliza mgeni aliye njiani.

Nimekatazwa ndoo. Nimekatazwa baiskeli, panga,
hata kumnyanyua Hawi, naye haelewi:
ananyoosha mikono, ananyoosha,
mwisho anapanda mwenyewe kama paka.

Daktari alinichorea moyo nyuma ya risiti:
"Tumechoma hapa, na hapa,
kovu lizuie cheche zinazopotea njia."
Nikacheka. Akadhani ni dawa ya usingizi.
Miaka ishirini na sita nyapara wa miwa Muhoroni,
nani wa kunifundisha
kuchoma ukanda ili shamba lipone?

Lakini ukanda hauleti amani usiku uleule.
Majivu yana ukaidi wake.
Saa tisa moyo unaruka,
pigo moja, kimya, mawili kwa pamoja,
nami vidole shingoni, juu ya mshipa,
nahesabu kama nilivyohesabu matita kwenye trela,
nikichelea kupunjwa.

Sitini na nane. Sabini. Sitini na nane.

Kwa mbali kiwanda kinanguruma.
Miaka yote ile sikuwahi kukisikia.

Risper, upande wa ukutani, kumbe hajalala:
"Ngapi?"
"Sitini na nane."
"Basi niachie blanketi."