Nati ya Tano

Gari likipita, wenzangu huona rangi.
Mimi husikia:
beringi ya nyuma kushoto inalia kama kifaranga,
klachi imeanza kuungua,
na mkono wangu umeshashika spana kabla halijasimama.

Miaka thelathini na minane
na sijawahi kuziona mbio zenyewe.
Mbio ziko kule, ndani ya miwa ya Kakira,
wanakoruka watoto na kupiga mabati.
Mimi niko Buwenge, nyuma ya kituo cha mafuta,
turubai chini, jeki mbili, dumu la maji,
dakika ishirini za kuhesabiwa.
Huniletea gari, huchukua gari.
Nilianza kwa kuosha matope ya Datsun ya Gonahasa,
nikiwa na miaka kumi na sita, malipo yangu soda.

Kawudha hufua ovaroli zangu
katika beseni lisiloguswa na nguo nyingine.
Husema siku nikifa
watakaonikosha watahitaji mafuta ya taa.

Novemba ile ya mvua
Balyeku aliingia amechelewa, taa moja imevunjika.
Hatukuwa na ishirini. Tulikuwa na saba.
Naigaga, daftari mapajani, macho kwenye saa,
anajisomea kimoyomoyo: kulia tano, ruka, usikate.
Nikafunga gurudumu la mbele, nikapiga boneti kofi,
wakaenda.
Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa.
Nikashika nati.
Ilikuwa bado na joto.

Nilipiga kelele, naam.
Niliipigia kelele vumbi ya matope, moshi, ng'ombe wa watu.
Tenywa akasema, nne zinatosha,
nne zitamfikisha hadi Jinja na kumrudisha.
Na ni kweli, zinatosha.
Nimeona gari likirudi na tatu.

Lilirudi limefungwa nyuma ya trekta la miwa.
Mguu wa Balyeku ulivunjika mara mbili,
Naigaga akatema jino kiganjani, akalitazama, akacheka.
Gurudumu lilionekana siku ya tatu,
mtoto analisukuma kwa kijiti kuelekea kisimani.
Ni jiwe, wakasema watu.
Nikaenda kulitazama hilo jiwe.
Lilikuwepo, kubwa kama chungu cha pombe,
na alama ya rangi ubavuni.
Nami nikasema, ni jiwe.

Nati iko nyumbani, ndani ya kopo la chai,
pamoja na hati ya kiwanja na kitovu cha kifungua mimba.
Kawudha huipangusa kutu kila Krismasi.
Hajauliza.

Balyeku naye hajauliza.
Huja gereji Walukuba kila Jumamosi na fimbo yake,
hukalia tairi kuukuu,
tukabishana habari za kabureta ambazo hakuna anazo tena.
Siku hizi anayeendesha ni mjukuu wake, Mutesi,
mfupi, hukalia mto,
hukata kona kama mtu anayevunja mahindi.

Leo asubuhi nilikuwa nimepiga magoti
kwenye gurudumu lake la mbele, kushoto.
Mzee akasogea.
Akaigusa nati ya kwanza kwa ncha ya fimbo. Moja, akasema.
Mbili.
Tatu.
Nne.
Akanyamaza, fimbo hewani,
haitazami nati, inanitazama mimi.

Koo langu lilikuwa changarawe tupu.
Tano, nikasema.
Nikaongeza spana, ingawa ilikuwa imekaza,
nikaongeza tena.

Ee, akasema Balyeku. Tano.
Akaishusha fimbo, akaomba maji ya kunywa.

Mutesi akapiga honi mara mbili, tusimcheleweshe.
Vumbi likatufunika wazee wawili, tukakohoa.
Nilikuwa nimetia mkono mfukoni.
Kitambaa tu.
Nikaugeuza mfuko nje, mbele yake, ili aone.