Waya wa Breki

Tutaona, ndilo jina nililompa mbwa wangu
siku jirani aliposema mjane hawezi
kulima ekari mbili za mahindi peke yake.

Usiku wa pili hajarudi.
Tangu alfajiri nyani wako shambani. Wanajua
nani hayupo.

Nikamwamsha Alionzi, mtoto wa dada yangu.
"Chukua koleo la kukatia waya."
Hakuuliza la nini.
Na mimi sikujiuliza kwa nini hakuuliza.

Tulimkuta ng'ambo ya miwa,
pale msitu wa Budongo unapoanza bila hodi.
Waya ulimshika mguu wa mbele, juu ya kifundo,
umezama hadi manyoya yameufunika.
Ardhi ameichimba duara zima,
kama mtu aliyeangusha shilingi gizani
akaitafuta mpaka kukacha.

Akanitikisia mkia. Halafu akanionyesha meno,
mimi, ninayemlisha ukoko kwa mkono huu!
Sikumlaumu. Maumivu hayamjui mwenye nyumba.

"Usivute," nikamwambia kijana.
"Kila ukivuta, waya unakula."
Nikafungua kitenge kiunoni, nikabaki na shumizi,
nikamfunika kichwa, nikamkumbatia na giza lake,
nikamsogeza polepole, si kuja kwetu,
bali kule kule mtini waya ulikofungwa,
hatua moja, nusu hatua,
mpaka ukalegea upana wa ukucha.

"Sasa."

Koleo lilikata mara ya tatu.

Nilidhani atakimbia. Alilala tu,
akipumua ndani ya kitenge, na mkojo wake
ukanilowesha mapaja, wa moto.
Nikamwaga maji ya chupa juu ya kidonda.
Mfupa haukuonekana. Nikashukuru kwa Kilugbara,
maana Kiswahili changu cha shukrani kilikuwa kimekwisha.

Kisha nikauokota ule waya.
Nyuzi zilizosokotwa, na mwishoni
kichwa kidogo cha risasi, kama punje ya mtama,
kile kinachokaa kwenye mkono wa breki.
Baiskeli ya Alionzi, tangu Pasaka,
inateremka kilima cha Nyabyeya kwa breki ya kandambili.

Na Pasaka tulikula funo.
Mchuzi ule niliuramba hadi kwenye kiwiko.
Sikuuliza ni bucha gani.

"Zimebaki ngapi?"
Alihesabu kwa midomo, bila sauti.
"Nne, mama mdogo."
"Koleo unalo. Mimi nampeleka huyu Masindi kwa daktari,
na kuku wawili wa kumlipa ni wale wako.
Jioni niletee nyaya nne. Nitazihesabu."

Nikamfunga Tutaona mgongoni kama mtoto wa homa.
Tulipopita shambani, nyani mkubwa
alikaa juu ya kichuguu, hindi mkononi, akamenya
bila haraka.
Sikuokota hata jiwe.
Kula, nikamwambia. Leo kula.