Daraja la Bibo

Nilifika Newala saa mbili usiku,
vumbi la Kitangari likiwa bado kwenye kope.
Bi Felisiana Nantambwe akanipa ufunguo wenye kibao cha mpingo,
chumba namba nne, na ndoo isiyofika nusu.
"Oga kwa adabu," akasema. "Maji hupanda mlima huu kwa fedha.
Tulichonacho cha kumwaga ni mvinyo."

Kitabuni, penye Kazi, niliandika: mfanyabiashara.

Hoteli ina vyumba sita vya wageni
na cha saba cha mapipa. Kilikuwa cha mwanawe;
kitanda kimetolewa, picha ya kipaimara imebaki ukutani
inachungulia povu.

Umeme ulikatika tukiwa mezani.
Akawasha mshumaa, akapanga bilauri tatu na muhogo wa kuchoma.
Chupa zilikuwa za Dodoma hapo zamani,
lebo zimekwanguliwa kwa kisu,
midomo imezibwa kwa nta.
"Kule Kana walikuwa na mitungi sita ya maji," akacheka.
"Ningekuwa nayo mimi, ningehangaika na mabibo?"

Ya kwanza, ya mwaka huu, changa, ina haraka,
yanukia ngozi ya bibo jekundu
alfajiri, kabla nyuki hawajapata habari.
Nikameza. Ukakasi ukanishika ulimi
kama mtoto anavyoshika pindo la mama sokoni.
"Usimeze kama karani," akasema.
"Zungusha. Mwache ulimi apige hesabu mwenyewe."

Kama karani.
Nilitazama bilauri, sikumtazama yeye.

Ya pili ilikuwa laini,
utamu umejificha nyuma, kama asali ya kuazima.
"Unaionaje?"
"Nzuri."
"Nzuri si daraja."

Ya tatu ilikuwa na rangi ya shaba. Hakuimimina mara moja.
"Hii inywe taratibu. Ni ya msimu ule
ulipochoma bambo kwenye magunia yangu tisa
ukasema: unyevu.
Ukaandika. Ukafunga kalamu.
Ukaniomba maji ya kunywa,
nikakupa."

Nimepima magunia mengi. Nyuso sizipimi.

"Nikarudi na korosho zisizo na mnada.
Chini ya mikorosho mabibo yanaoza,
maisha yake hayajawahi kupandishwa mzani.
Nikayaambia: haya, sisi tuliotupwa
tukae pamoja, tuone tutakuwa nini."

Akasogeza mshumaa upande wangu.
"Sasa taja daraja."

Nilikunywa. Moshi kidogo, kisha kitu kama chumvi,
kisha ukakasi uleule, ila umezeeka,
umejifunza kukaa chini na kungoja.
Mfukoni nilikuwa na kalamu.
Sikuwa na neno.

Usiku, baridi ya uwanda ikapita chini ya mlango.
Nyuma ya ukuta mapipa yalikuwa yakipumua:
bwp,
kimya,
bwp.
Nikajaribu kuukumbuka mkono wangu ukiandika.
Huenda zilikuwa na unyevu kweli.
Huenda nilikuwa na njaa, na lori linapiga honi.

Asubuhi ukungu ulikuwa umejaza Shimo la Mungu mpaka ukingoni,
na Ruvuma ilikuwa neno tu la kusadiki.
Risiti ilisema: chumba, elfu ishirini na tano.
Chini yake: kuonja,
na mstari mtupu.

Nilijaza. Alisoma, akakunja karatasi mara nne,
akaenda kukagua mapipa.

Njiani ndipo nikaliona: tone moja kwenye kola
ya shati langu jeupe la kazi.
Doa la bibo, watu wa huku wanajua, halina sabuni.
Nikaingia nalo ghalani hivyohivyo.
Mkulima wa kwanza akalitazama,
akanitazama,
akatua gunia.