Viini Vinne

Saa tano usiku, Umoja, na feni inalia
kama mtu aliyetwishwa gunia la wenzake.
Hesabu za chama zinafunguka safu kwa safu:
nikachemsha chai, nikanywa, nikasuuza kikombe,
bado iko safu ya tatu.

Kijana wa Luthuli alitaka elfu sita.
"Mama, bodi imechoka," akasema,
kabla hajalegeza hata skrubu moja.
Nikaifunga kwa leso, nikaipakata hadi nyumbani.

Sasa nimeivua ubavu juu ya meza ya kulia,
brashi ya rangi mkononi, tochi ya simu mdomoni.
Vumbi la miaka saba. Bawa la mende.
Kifungo cha sare ya Mogaka
tulichokitafuta hadi chini ya jiko.

Stika ya mbele inasema viini vinne.
Risiti, iliyofifia, inasema vinne.
Ila kwenye dirisha la mitambo pana kisanduku kimoja,
mstari mmoja wa kijani uliogota darini,
mia kwa mia, mia kwa mia,
haushuki hata kupumua.

Kiini. Neno hili nililijua kwanza kwenye yai;
yai la viini viwili tuligombea, tukasema ni bahati.
La vinne sijaona kuku wa kulitaga.
Wametaga watu wa viwandani, nami nimelipa,
na miaka yote hii nalamba kimoja.

Nazima. Nawasha. Nabonyeza F2 kama anayebisha hodi usiku.
Ukurasa wa bluu, wa kizee, hauna mbwembwe,
unahesabu bila kusita: moja, mbili, tatu, nne.
Vyote vipo.
Hakuna kilichoungua, hakuna kilichokufa.
Vimeketi gizani, mikono mapajani,
vikingoja kuitwa jina.

Mita ya stima inapiga mlio: yuniti mbili.
Haraka basi, mwanamke.
Natafuta mipangilio ya kuwasha, kichupo cha pili, kitufe cha pembeni,
na pale, kimya kama kupe sikioni mwa ng'ombe:
idadi ya prosesa, tiki,
na mbele yake, moja.

Nani aliyetia tiki hii?
Yule kijana hakugusa. Mogaka alikuwa bado ananyonya.
Kisha nakumbuka mwaka wa mitihani yangu ya uhasibu,
nilivyokuwa na pupa, iwake upesi, iwake upesi,
nikadhani nikiandika moja itakuwa ya kwanza.
Ni kidole hiki. Hiki hiki chenye kovu la kisu cha sukuma.

Naondoa tiki. Inazima, inawaka.
Visanduku vinne.
Mistari minne, yote chini, inapepea
kama miche iliyomwagiwa maji.
Feni inashusha sauti, inashusha, inanyamaza,
na kwa mara ya kwanza usiku huu nasikia bomba la jirani linavyodondoka
na pumzi ya Mama nyuma ya pazia.

Onchiri yuko Nakuru. Bosibori, Thika.
Nyamweya yuko Donholm, hata kwa miguu unafika.
Siku tuliyomzika Baba nilisimama mbele ya watu nikasema,
"Mama niachieni mimi."
Wakaniachia.
Tangu hapo nimewasengenya saluni, kanisani, kwa muuza mayai:
watoto wanne, anayebeba mmoja.

Hesabu za chama zimekwisha zote, hata sikuziona zikipita.
Nafungua ujumbe kwa watatu hao.
"Alhamisi, kliniki ya Mama," naandika. Nafuta.
"Mwaonaje Alhamisi," naandika.
Yuniti moja nukta tatu.

Narudisha ubavu mahali pake, nakaza.
Skrubu moja imebaki mezani,
na sijui ilitoka wapi.