Ubeti na Baiti

Jioni, chuoni Wete, somo jipya la kompyuta,
twaingia sisi sote, fani zetu twazivuta,
mimi sijui chochote ila vina kutafuta.
Mkunga Mize kasita, kwanza aone wengine.

Umeme ukakatika, vioo vikawa giza,
Bikombo hakushituka, akacheka, akaanza.
Wanane wakainuka wa safu ile ya kwanza.
“Ninyi,” akatueleza, “ni taa. Mko wanane.

Aketiye ni sifuri, asimamaye ni moja.
Mashine haina siri wala haijui hoja;
picha, sauti, khabari, hupita hapo pamoja.
Biti ni mtu mmoja; baiti, watu wanane.”

Wawili wakasimama, sita wakawa vitini,
Bikombo akatazama, kaandika ubaoni:
herufi A, nikasoma, ya kwanza, ya utotoni!
Sikudhani asilani yaja kwa sura nyingine.

Nane? Nikajisemeza: nane ndiyo yangu kazi!
Kipande ninapojaza, nane zake sipunguzi;
moja nikiipoteza, hukitupa mchambuzi.
Ubeti una mzazi; baiti, mwana mwingine.

“Karafuu waanika, mbele yapanda mvua:
kama wingu limefika, kunja jamvi na anua;
la sivyo, acha kushika, ziendelee na jua.
Hayo kwenu mwayajua; yaandikeni, nione.”

Faki, msoma sheria, akainua kidole:
“Wingu likipita njia, dogo, jeupe, la mbele?
Mashine itapimia wapi hili, wapi lile?”
“Kipimo uweke pale; haina ‘ngoja nione’.”

Mize naye katamka: “Ubao wetu kliniki,
uzito hubadilika, jina pale halitoki;
namba mpya twaandika, ya jana hatuitaki.”
Kigeu hicho, hakiki; hakutufunza mwingine.

Shaame, mwana wa Konde, kilimo anasomea:
“Makonyo huu upande, huku tunda laselea,
tena na tena tuende, jamvi tupu twangojea.”
Kikomo kikipotea, kiyama ndo tuonane!

Umeme ukarejea, nikaandika mezani,
mashine ikakemea, nyekundu, tele machoni;
juu, chini, natembea: mdudu yu mafichoni.
Koma moja ya mwishoni haikuwapo, uone!

Wenzangu walisonona, mimi kinyume: kicheko.
Kosa hili ni la jana, nalijua toka huko;
mizani moja hakuna, kwa watunzi ndio mwiko.
Nikaitia kwa deko, programu yote ipone.

Mdudu nimemficha, wasomaji, humu ndani;
someni hadi kukicha, hesabuni kwa makini:
mmoja alijificha, akaketi kitini.
Mkimwona, mwambieni asimame, tuwe nane.