Hodi ya Nyuma

Mama Keresensia, lalia ubavu wa kushoto,
kunja magoti kama aliyeshikwa na baridi ya Kabale.
Najua. Kwa umri ungenizaa,
na mimi ndiye nakuomba upandishe gauni.
Indomethasini, miligramu mia. Haipiti kinywani.
Ina umbo la risasi na ulaini wa mshumaa,
ikikaa kiganjani mwangu itayeyuka
kabla hatujamaliza kuoneana haya.

Macho yako yamekuwa rangi ya ua la boga
tangu kijiwe kikwame kwenye mrija wa nyongo.
Daktari Barigye atashusha kamera yake kooni,
apite tumboni, afike kwenye kitundu
ambacho hata sindano ya gunia ingekitafuta.
Hapo pana mlango mmoja, wapangaji wawili:
nyongo, ambaye ndiye tunayemdai,
na kongosho, mkimya, hadaiwi na mtu,
ila ukimgusia kitasa bila hodi
huichoma nyumba naye akiwa ndani.

Hii ndiyo hodi.

Hatukuibisha mwaka ule wa Okwir,
mwashi wa kutoka Lira.
Kijiwe kilitoka, tukapongezana.
Saa mbili usiku akaanza kuuma shuka.
Siku kumi na moja, tumbo gumu kama ubao,
mkewe akiuliza kwa Kilango,
mimi nikijibu kwa Kiswahili changu cha kambini Bombo,
na hakuna lugha iliyotosha.
Dawa ilikuwapo famasi, ng'ambo ya barabara,
kwa bei ya sahani ya matoke na karanga.
Hakuna aliyetumwa.

Usiniulize kama inazuia kabisa.
Wapo waliopewa na bado moto ukawaka.
Inapunguza. Ndiyo maana nimekusumbua
kuhusu figo, vidonda vya tumbo, mzio,
mpaka ukaniita polisi.

Vuta pumzi.
Tayari. Bana kidogo. Ni hivyo tu.

Alfajiri, Mbarara bado imejifunika ukungu,
napita na tochi.
Nabonyeza juu ya kitovu chako,
nausubiri uso ukunjamane.

Unafungua jicho moja, manjano bado:
"Muuguzi, binti yangu kalala hapo chini
na chupa ya uji. Mwamshe, nina njaa.
Lakini ile habari ya jana,
ya mlango wa nyuma,
asiijue."