Kifundo cha Mkono

Mwaka ule salfa iliwahi na korosho ikakubali,
nikamnunulia bibi king'amuzi na kifurushi cha mwezi.
Fundi akapanda bati na antena yake,
akiuliza kila dakika: “Imekamata?”
Bado. Bado. Sogeza upande wa bondeni.
Ilipoelekea Ruvuma ndipo picha ikatulia.

Saa tatu usiku wakaleta makala ya vita.
Si vita vya sinema, vya magari kuruka angani;
vita vya watu waliokalishwa kwenye viti vya plastiki
wakaambiwa: simulia, tafadhali, tangu mwanzo.
Mwanamume mmoja alivuta suruali mpaka gotini,
na chini ya goti palikuwa na gongo.
Mwingine alichora kijiji chake mchangani kwa kijiti,
huku kwetu, huku kwa shemeji, huku shule,
akakifuta kwa kiatu kabla hajamaliza.
Mimi nililia. Nakiri. Nililia kwa starehe,
kama mtu aliyelipia.

Bibi hakulia. Alikuwa anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
“Huyo anayeshika kamera,” akauliza,
“hana hata leso?”

Kisha akaja mama mmoja, rika la bibi,
kilemba kimefungwa kisogoni kama anavyofunga bibi,
chale zile zile mashavuni.
Akafungua kinywa, na hapo hapo
sauti ya mtangazaji ikamfunika
kwa Kiswahili kilichopigwa pasi:
“Tulivuka usiku. Maji yalikuwa mengi.
Mwanangu wa pili alipotea mtoni.”

Bibi akaacha kubangua.
“Hakusema hivyo.”
Nini, bibi?
“Mpunguze huyo mwanamume, nimsikie mwenyewe.”
Nikabonyeza. Rimoti haijui
kumpunguza mmoja na kumwacha mwingine;
wote wawili wakazama pamoja,
nikawarudisha wote wawili pamoja.

“Hakusema alipotea. Amesema: nilimwachia.”
Akalitamka lile neno kwa Kimakonde, mara mbili,
neno fupi, silijui kuliandika,
na yule mama kwenye kioo alikuwa ameshalipita,
yuko kambini tayari, anasimulia foleni ya unga.

Nikataka kuuliza.
Nina miaka thelathini na moja, nimekulia nyumba hii,
najua sinia gani lina tundu na ufunguo unafichwa wapi.
Najua kitambulisho chake kinasema Newala,
na kwamba akiwa na homa huita watu wa ng'ambo.
Alivuka na nani, sijui.
Alifika na nani, hilo nalo sijui.

Ninachojua, bibi hajawahi kumshika mtoto kiganja.
Sisi sote, kwenda bombani, kwenda mnadani, kwenda kliniki,
alitukamata kifundo cha mkono
akibana mpaka vidole vikafa ganzi.
Mama akimwambia, unamuumiza,
yeye hujibu: “Kiganja kinateleza.”
Tulidhani ni ukali tu.
Kwa kificho tulimwita Pingu, tukacheka.

Majina yakapanda kiooni, mekundu, upesi upesi:
aliyepiga picha, aliyehariri, aliyefadhili,
aliyetafsiri.
Likafuata tangazo la sabuni, na watoto weupe wa povu.
Bibi akamwaga maganda, akanawa kwa maji ya ndoo
tuliyoinunua shilingi mia tano,
akanawa muda mrefu kuliko kawaida ya nyumba isiyo na maji.

Shaweji alikuwa amelala sakafuni mdomo wazi,
mtoto wa dada yangu, miaka saba,
mkono mmoja nje ya mkeka, umefunguka, unaomba kushikwa.
Taa ilikuwa imezimwa kupunguza mbu.
Bibi akainama, akapapasa gizani,
akakigusa kiganja,
akakipita,
akakamata pale pale.